Mjomba, Jumamosi zangu zote zinaishia Laleli

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, naishi Istanbul kwa miaka kadhaa sasa. Nafanya kazi katika hospitali binafsi, kitengo cha wagonjwa wa kimataifa. Wagonjwa wanaotoka Tanzania, Kenya na Komoro mimi ndiye ninayewapokea. Nawatafsiria kwa daktari, nafuatilia vipimo vyao, na wengine huniomba hata niwatafutie pilipili, maana chakula cha wodini hakipandi. Kazi naipenda. Jumatatu hadi Ijumaa sina la kulalamika. Kilio changu ni Jumamosi na Jumapili.

Dada yangu mkubwa ana duka la nguo na mapazia. Nilipopata kazi huku alifurahi kuliko mtu yeyote, na sasa najua kwa nini. Kila Ijumaa usiku orodha inaingia WhatsApp: magauni ya mitoko, abaya, mapazia ya sebuleni, mazulia madogo ya chumbani. Jumamosi asubuhi naamkia Laleli kwenye maduka ya jumla. Kule nguo haziuzwi mojamoja, wanauza kwa seri, yaani gauni lile lile kwa saizi zake zote kwenye furushi moja. Dada anataka saizi kubwa tu, kwa sababu wateja wake ni akina mama. Basi nasimama dukani kamera imewashwa, dada anaamuru: "Sogeza nione pindo. Geuza nione zipu. Vuta kitambaa nione kama kinarudi." Muuzaji amekunja mikono ananiangalia, mimi jasho linanitoka. Tukimaliza nabeba mifuko hadi kwa watu wa kago, napanga foleni, mzigo unapimwa, natuma picha ya risiti. Nikifika nyumbani Kurtuluş, Magharibi imeingia na miguu imevimba. Sijawahi kulipwa, na sijawahi kudai. Ni dada yangu. Baba alipofariki ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita.

Jumapili nayo ina wenyewe. Tunakutana Watanzania na Wakenya kwa mmoja wetu, tunasonga ugali, tunaangalia mpira, tunasemana. Nawapenda. Lakini juzi mgonjwa mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nikipona nataka kutembea mji huu, nianzie wapi?" Nikakosa jibu. Najua bei ya pazia zito na bei ya pazia jepesi, mji siujui.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi wa Muharram, mama wa ghorofa ya chini aligonga mlango kaniletea bakuli la aşure, ule uji mtamu wa ngano, dengu, maharage na matunda makavu, juu umemwagiwa punje za komamanga. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, nikalirudisha na visheti. Kumbe na kwao ni hivyo hivyo! Tangu siku ile ananiita binti yake, mimi namwita teyze, yaani mama mkubwa. Majuzi akanialika kwao kahvaltı ya Jumapili. Mjomba, ile si chai ya asubuhi, ile ni shughuli. Tuliketi saa nne, tukainuka saa nane. Jioni binti yake akanipeleka Kadıköy kwa feri. Tulinunua simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, tukawa tunawarushia shakwe vipande nao wanavidaka hewani. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka vile. Nikaweka picha status.

Hapo ndipo nilipojuta kuwa na simu. Dada akaandika: "Mzigo wa Idi haujatoka, mwenzetu unalisha ndege." Binamu akaomba nimchangie hela ya bodaboda. Mama hakuniambia neno, ila mdogo wangu kaniambia alisema, "Kumbe hela anazo." Na wenzangu wa ugali wameshanibatiza Mturuki.

Teyze amenialika tena, na safari hii anataka baada ya kahvaltı twende hamamu ya wanawake, yale mabafu ya umma ya mvuke. Moyo unataka, mwili unaogopa. Kuvua nguo mbele ya watu nisiowajua? Mimi ambaye hata kwenye basi natazamwa mpaka nashuka?

Naomba uniambie: nakosea kutaka wikendi yangu? Niwafiche ndugu status? Na mtu mwenye mshahara wa kawaida anaujuaje mji mkubwa kama huu bila kujifanya mtalii?

Wako,
Binti wa Tanga, Istanbul

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na dada yako, maana barua yako imemtaja yeye kuliko Istanbul.

Unachokifanya Laleli ni kazi. Wapo watu pale wanaoishi kwa hiyo hiyo: wanachukua oda za wafanyabiashara wa Afrika, wa nchi za Kiarabu na wa Urusi, wanazunguka madukani, wanasimamia mzigo mpaka kwa kago, na wanalipwa. Dada angekuwa anamlipa mtu wa namna hiyo asingemwambia avute kitambaa aone kama kinarudi. Angeheshimu saa zake, kwa sababu zingekuwa na bei. Zako hazina bei, ndiyo maana haziishi.

Ada ya shule nimeisikia, na siipuuzi. Dada aliyebeba ada ya mdogo wake baada ya msiba ana haki ya kukuomba. Lakini deni lisilotajwa kiasi halilipiki. Utalipa mpaka uzeeke na bado utajiona unadaiwa, na mbaya zaidi utaanza kumchukia aliyekukopesha. Mpigie simu. Usimwandikie, maana maandishi ya WhatsApp yanasomwa kwa sauti ya hasira ya msomaji. Piga katikati ya wiki, siku ambayo hakuna mzigo njiani. Mwambie Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ni yake, orodha iwe imefika Jumatano. Ukikaribia msimu wa Idi utamwongezea Jumamosi, kwa sababu unajua duka linategemea Idi. Zilizobaki ni zako. Halafu nyamaza, mwache aseme. Atasema.

Ila usimpe habari mbaya peke yake, mpe na njia. Maduka ya Laleli yamezoea wateja wa mbali. Mengi yana namba ya WhatsApp, yana mtu anayejua Kirusi, Kiarabu, mara nyingi na Kiingereza, na yanatuma picha na video za mzigo mpya bila kuombwa. Yale mnayoyaamini muunganishe nayo moja kwa moja. Pindo na zipu akaangalie na mwenye duka. Kampuni nyingi za kago nazo hupita dukani kuchukua mzigo, huna haja ya kugeuka mchukuzi. Na kuhusu saizi, mbona mnahangaika? Tafuteni maduka yenye kibao cha "büyük beden". Hayo yanashona kwa ajili ya wanawake wenye miili yao, na seri zao zinaanzia huko huko kwenye saizi kubwa. Hilo tu litakuokolea nusu ya siku.

Komisheni? Ungekuwa mgeni kwake ningesema dai. Kwa dada, hapana, mtagombana kwa kiasi ambacho hakinunui hata kilemba. Fanya hivi: kwa kila mzigo akiuza, atoe kitu kidogo ampelekee mama, na mama ajue kimetoka kwako. Dada hatajiona anamlipa mdogo wake, wewe hutajiona punda.

Tukiwa kwa mama. "Kumbe hela anazo" hakuisema kwa ubaya. Aliona mwanawe yuko kwenye boti, bahari nyuma, anacheka. Kwetu mtu akipiga picha ya namna hiyo yuko fungate Unguja. Mama atajuaje kwamba feri ya Kadıköy ni usafiri wa umma, unagusa ile İstanbulkart yako kama kwenye basi, na mwenzako wa kiti ni fundi bomba anayetoka kazini? Picha haikumwambia. Kwa hiyo status usifiche. Ukianza kuficha furaha utaishia kuweka picha za huzuni ili watu waridhike, na hayo ni maisha ya kipuuzi. Badala yake mtumie mama sauti: mama, hii ndiyo daladala ya huku, inapita majini. Siku nyingine ukiwa kwa teyze washa video, waonane. Hawataelewana hata neno na watazungumza nusu saa. Mama akishamwona mwanamke wa rika lake anakumiminia chai, hatauliza tena habari za hela. Jambo moja tu nakuuliza mimi: ile ya kila mwezi unayomtumia inafika kwa wakati? Kama inafika, lala usingizi. Kama inasuasua, basi hilo ndilo alilolisema, na feri imesingiziwa.

Binamu wa bodaboda simjibu hapa, na wewe usimjibu.

Wenzako wa ugali usiwaache. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku kibali cha kuishi kitakapochelewa, au homa itakapokushika usiku wa manane, watakaogonga mlango wako ni hao wanaokuita Mturuki. Nenda kwao Jumapili moja, Jumapili nyingine nenda zako. Na siku moja wavute wote: kabla ya ugali, tuvuke Üsküdar turudi. Yule aliyekuwa na mdomo kuliko wote ndiye atakayekuomba umpige picha na shakwe.

Sasa mji.

Ushauri wangu utaonekana wa kivivu: usizunguke. Mtalii ana siku chache, lazima akimbie. Wewe una kitanda Kurtuluş. Chagua soko moja, feri moja, msikiti mmoja na kiti kimoja cha chai, uwe unarudi hapo hapo mpaka watu wakuzoee. Mji mkubwa hauna haja na mtu anayepita. Muuza jibini akishakuona kila wiki atakuonjesha asichowaonjesha wengine, atakuuliza mbona wiki iliyopita hukuja, na hapo ndipo unapoanza kuishi Istanbul.

Soko lako liko mlangoni kwako. Feriköy ni mwendo wa miguu kutoka Kurtuluş. Jumamosi pale wanakuja wakulima wa mazao yasiyotiwa dawa. Jumapili uwanja ule ule unageuka soko la vitu vya kale: redio za mbao, vikombe vya kahawa vilivyokosa wenzao, funguo zisizo na milango, masanduku ya picha za harusi za watu ambao hakuna anayewajua tena. Hulazimiki kununua. Shika, uliza ni cha nini, sikiliza hadithi, rudisha taratibu mezani. Wengi wa wauzaji wale ni wazee wanaopenda kuongea kuliko kuuza, na Kituruki chako cha hospitalini, kilichojaa "inauma wapi", kitapata maneno mengine. Watakuita abla, dada mkubwa, hata kama wamekupita umri. Itikia. Wewe mwite mzee amca, yaani ami, na mama mtu mzima teyze. Mtu wa Pwani hafundishwi kumpa mkubwa jina la udugu, hapo umewazidi wageni wengi wa Ulaya wanaokaa pale na kumwita kila mtu kwa jina lake.

Feri umeshaionja, ongeza utaratibu. Shuka Karaköy au Kabataş, panda ya Kadıköy, kaa nje hata kama kuna baridi. Wapo wanaokuambia Marmaray inavuka haraka zaidi. Ni kweli, treni ile inapita chini ya bahari tangu 2013 na inakutoa Asia dakika chache tu. Inawafaa waliochelewa kazini. Anayevuka kwa ajili ya kuvuka hupanda feri, mhudumu anapita na sinia la chai kwenye vile vigilasi vyenye kiuno, na kabla hujamaliza ya pili umefika bara jingine. Ukirudi kwa kushukia Karaköy, pita juu ya Daraja la Galata. Wanaume wamepangana bega kwa bega na fimbo za kuvulia, kila mmoja na ndoo yake, ndani samaki wadogo wa fedha wanazunguka kwenye maji ya kina cha kiganja. Chungulia ndoo, sema maşallah, endelea. Ukisimama sana utapewa fimbo ushike.

Kadıköy ndiko kwenye uwanja wa Fenerbahçe. Ukikuta wazee wenye skafu za njano na bluu, waambie unatoka nchi ya Samatta. Mbwana Samatta alivaa jezi yao msimu wa 2020/21. Mwingine atakuambia alikuwa mzuri, mwingine atakuambia alikosa mabao ya wazi, watabishana wao kwa wao na chai yako italipwa na mtu usiyemjua. Ila angalizo: vibanda vingine vya chai vimejaa wanaume na karata tupu, mwanamke akiingia maongezi yanakatika. Hakuna atakayekufukuza, ila hutafurahi. Tafuta bustani ya chai, çay bahçesi, zile zenye kibao cha "aile", yaani za familia. Üsküdar zipo za kutosha. Au fanya wanavyofanya wenyewe: tembea pwani ya Salacak, kaa kwenye ngazi zinazotazamana na Mnara wa Msichana, agiza chai, menya mbegu za alizeti. Jua linazama upande wa pili nyuma ya minara ya misikiti na hakuna anayekudai kiingilio.

Msikiti ningekuchagulia Süleymaniye. Msanifu Mimar Sinan aliumaliza mwaka 1557, uko juu ya kilima, na Jumapili asubuhi mapema unaweza kusikia hatua zako mwenyewe kwenye zulia. Ayasofya, uliojengwa enzi za Kaisari Justiniani na kukamilika mwaka 537, ulirudishwa kuwa msikiti 2020. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni analipa euro 25 na kupandishwa roshani ya juu kwa mlango wake, anayekuja kuswali anaingia bure kwa mlango mwingine. Nenda kaswali, utauona. Lakini foleni na makelele ya pale hayazoeleki, siwezi kukupa pawe mahali pako pa kila wiki.

Na Süleymaniye una siri nyingine. Mbele ya msikiti, ng'ambo ya uwanja, kuna safu ya migahawa na wanachouza ni wali maharage. Ndiyo, mpwa wangu. Maharage meupe yaliyochemka taratibu na siagi na nyanya mpaka mchuzi umekuwa mzito, wali pembeni, kachumbari ya kuchachushwa, kitunguu kibichi. Watu wanatoka ng'ambo ya mji kuja kula. Chakula tulichokilalamikia bwenini miaka yote ile, wenzetu wanakipangia foleni na tai shingoni! Kula pale, halafu mtumie picha dada yako. Hiyo hataweza kuikasirikia.

Vivutio vya kwenye vitabu vya wageni visikukimbize. Kasri la Topkapı linafungwa Jumanne, Soko Lililoezekwa la Kapalıçarşı linafungwa Jumapili, na wikendi kote kumejaa. Subiri siku ya likizo katikati ya wiki, au siku dada atakapokuja mwenyewe kufunga mzigo, maana siku moja atakuja. Visiwa vya Adalar nenda majira ya kuchipua kabla joto halijawamwaga watu wote huko. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi na farasi wa mikokoteni waliondolewa 2020, kwa hiyo ni miguu yako, baiskeli au vigari vya umeme. Na kama unataka kitu cha majira ya baridi, ulizia kozi za manispaa ziitwazo İSMEK. Ni za bure, zipo tangu 1996, wanafundisha kuanzia kushona hadi ebru, ule uchoraji wa rangi juu ya maji. Nenda na kitambulisho chako cha mkazi uulize nafasi.

Kutazamwa sasa. Sitakudanganya kwamba kutakoma. Wengine ni ushamba tu: wanataka kujua unatoka wapi, nywele ni zako, kule kuna simba. Wengine watataka kupiga picha nawe kama vile wewe ndiye mnara. Huna deni la kuwa mpole kila saa. Sema hapana na uendelee na safari, na anayegusa nywele bila kuuliza mwondoe mkono mbele za watu, wenyewe watamkemea. Ila kuna jambo linalowaliza wageni wetu bure. Utamuuliza muuzaji, una saizi nyingine? Yeye atainua nyusi, atarudisha kichwa nyuma kidogo na kutoa mlio wa "cık" kwa ulimi. Utasikia umesonywa, damu itapanda. Hajakusonya! Hiyo kwao ni "hapana" ya kawaida, hata mtoto anamwambia mama yake. Siku utakapoizoea utaanza kuifanya mwenyewe, na siku utakapoifanya mbele ya mama yako Tanga, usinitaje.

Kwa teyze usiende mikono mitupu, hilo unalijua. Visheti vimeshakufungulia mlango, safari hii peleka kaimati au kashata za nazi. Viatu mlangoni, utapewa ndala za ndani. Wakikumiminia kolonya, yale manukato ya maji, viganjani, paka, usiulize. Chai haitakoma kuja mpaka ulaze kijiko juu ya gilasi. Ukimaliza kula mwambie "elinize sağlık", mikono yako iwe na afya, atajaa kama unga uliotiwa hamira. Na zamu yako ya kumwalika isichelewe. Umeshakula kwake, wewe si mgeni tena, mpikie pilau, punguza pilipili manga, mwache akae jikoni kwako aone unavyokaanga kitunguu. Jirani anayepokea tu, wenzake huchoka kumpa.

Na hamamu nenda. Zile maarufu kama Çemberlitaş, iliyojengwa 1584, zimejaa wageni na bei zake ni za wageni. Teyze atakupeleka anapokwenda yeye na shoga zake, wanawake watupu, kila mtu ameshughulika na mgongo wake. Hakuna atakayekulazimisha kuvua yote. Utafungwa taulo jembamba liitwalo peştemal, na chini yake wengi wanabaki na chupi, nawe sitiri kitovu hadi goti ukae kwa amani. Utalala juu ya jiwe la marumaru la moto mpaka mifupa ilegee, kisha mama mmoja mwenye mikono kama ya mpiga makasia atakusugua kwa glavu ya kitambaa kinachokwaruza iitwayo kese, na utaona vinyuzi vya taka vinabiringika mwilini mwako. Usione haya, kila mtu anatoka hivyo, na yeye atakuonyesha kwa fahari. Aliyekulia kwenye singo na liwa atamaliza hofu yake dakika ya kwanza. Beba chupi ya kubadili, ndala zako na maji ya kunywa. Kama umesuka, vaa kofia ya plastiki, ule mvuke hauna huruma. Wigi liache nyumbani. Na bahashishi ya yule mama anayesugua iwe mkononi mwako kabla teyze hajaingiza wake kwenye pochi, la sivyo atakulipia na hamtamaliza kubishana hadi Kurtuluş.